Hasikii, au Hasikii?

Kiswahili kimeweka mambo mawili ndani ya neno moja, na watoto wengi wamelia kwa sababu yake. Mama akilalamika kibarazani kwamba "huyu mtoto hasikii", jirani hamuulizi kama amempeleka hospitali. Anamuuliza kama fimbo zimeisha. Kusikia kwetu ni kupokea sauti, na kusikia ni kutii. Hata wahenga walipoonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hawakuacha nafasi ya kuuliza kama hilo la mkuu lilimfikia aliyevunjika, au lilipotelea njiani.

Nami nimo katika waliolitumia neno hilo vibaya. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka 5, yuko darasa la awali, mchangamfu, msimuliaji. Kisha pole pole, bila homa wala kilio, akaanza kuwa mgumu. Ukimwita kutoka jikoni, yeye na kigari chake cha makopo. Ile "naam" tuliyomfundisha ikageuka kuwa "ee?", na kwa mzazi wa uswahilini "ee?" ni utovu wa adabu. Luninga aliisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mwalimu wake akaandika kwenye daftari kwamba hafuati maelekezo. Jioni moja nikamvuta sikio. Nasimulia kwa aibu, maana sikio lile nililolivuta lilikuwa limejaa ute, na la pili vilevile, na nyumba nzima hakuna aliyejua.

Bibi yake ndiye aliyekuwa na hoja iliyotushinda sote. "Kama kweli hasikii, mbona akiitwa kula anakuja?" Tukacheka, kesi ikafungwa.

Kilichoifungua tena ni mafua. Yalikuwa hayaishi, na usiku alikuwa akikoroma kama mzee. Tulimpeleka kwa ajili ya pua. Daktari, mama mmoja mtaratibu, alimulika pua, akamulika koo, akamulika masikio, akarudia masikio. Kisha akaniambia, "Baba, hebu ziba masikio yako kwa vidole." Nikaziba. Akaendelea kuzungumza kwa sauti ileile, akitazama pembeni. Nilipata vipande. Niliona midomo inacheza, nikajua anaulizia jambo, lakini ni jambo gani? Nilipotoa vidole alikuwa anatabasamu. "Nimekuuliza mara mbili umri wake, hukunijibu. Nikuchape?"

Maradhi haya ya ute hayana jina la mtaani, na kwa kukosa jina yanapita bila kuonekana. Sikio linalotoa usaha kila mtu analijua. Harufu inamtangulia mtoto mlangoni. Sikio linalouma usiku linaamsha ukoo. Lakini ute uliojikusanya nyuma ya ngoma ya sikio hauumi, hauleti homa, hautoi kitu nje. Hospitalini utaambiwa "kuna maji nyuma ya ngoma", na mzazi anatoka akiamini mtoto aliingiwa na maji siku ile alipooga baharini. Siyo hayo. Maji ya kuoga yanakomea mbele ya ngoma. Haya yametengenezwa na mwili wenyewe, upande wa pili wa ukuta.

Ngoma ya sikio imepewa jina linaloistahili. Ni ngozi nyembamba iliyowambwa mwisho wa tundu la sikio, na nyuma yake kuna chumba kidogo cha hewa. Humo mmepangana vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku, chenye urefu wa kama milimita 3, ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini. Sauti ikigonga ngozi, vifupa vinapokezana mtikisiko mpaka sikio la ndani, na kutoka huko habari inafika kwenye ubongo. Aliyekulia penye ngoma za kweli anajua kwamba mpigaji huipasha ngozi motoni kwanza, na ngoma iliyonyeshewa haisemi. Hii ya mtoto haikunyeshewa. Imemiminiwa uji kwa ndani.

Uji huo unatoka wapi? Chumba kile hupata hewa kwa mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua. Bartolomeo Eustachi, mtaalamu wa maumbile ya mwili wa Italia katika karne ya 16, aliueleza kwa makini na jina lake likabaki nao. Muda mwingi mrija umefumba. Hufunguka kidogo tunapomeza au kupiga miayo, na ndiyo maana basi likiteremka kutoka Lushoto masikio huziba, ukimeza mate yanazibuka "pwa". Kwa mtu mzima mrija una urefu wa kama milimita 35 na umeinama vizuri, karibu nyuzi 45. Kwa mtoto mchanga ni nusu ya urefu huo, na umelala karibu sawa na sakafu. Misuli ya kuufungua nayo bado ni michanga. Basi mafua kidogo tu, au zile nyama za puani zikivimba, mrija unaziba. Hewa iliyobaki chumbani inafyonzwa na utando wa ndani, nyingine haiingii, ngoma inavutwa kwenda ndani, na utando unaanza kutoa majimaji. Yakikosa pa kutokea, yanazidi kuwa mazito hadi kuvutika kama ute wa bamia.

Inakadiriwa kwamba watoto 9 kati ya 10 huwa wamepata hali hii walau mara moja kabla ya kuanza shule. Wengi wao ilikuja na kuondoka bila mtu kutambua. Takwimu hiyo ilinituliza, halafu ikaniudhi. Ikiwa ni jambo la kawaida hivyo, mbona miaka 5 ya kupeleka mtoto kliniki, kadi imejaa mihuri, hakuna aliyenitajia? Sababu nimekuja kuielewa baadaye. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika kumpima mtoto mgonjwa katika zahanati na vituo vya afya una maswali ya sikio: je, linauma? Linatoa usaha, na kwa siku ngapi? Kuna uvimbe nyuma yake? Ni maswali mazuri, na yameokoa watoto na maradhi yanayoweza kuua. Mtoto wa ute anayajibu yote "hapana", anapita, anarudi nyumbani kuchapwa.

Nirudi kwenye kusikia kwenyewe, maana hapa ndipo penye kisa. Ute huu hauleti uziwi kamili. Unapunguza usikivu kwa wastani wa desibeli 25 hivi, kwa wengine zaidi ya 35. Mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaa karibu ni kama desibeli 60, mnong'ono ni kama 30. Mtoto huyu basi anaishi katika nyumba ambamo watu wote wananong'ona, na mbaya zaidi hajui kwamba wananong'ona. Hawezi kulalamika kwamba hasikii, kwa kuwa anasikia. Anasikia nusu.

Na nusu anayoikosa siyo nusu yoyote tu. Vokali zina nguvu, zinafika. Zinazopotea mwanzo ni konsonanti hafifu: s, f, th, sh. Sasa ichukue lugha yetu. Katazo la kitenzi cha Kiswahili limebebwa na kisilabi kimoja, -si-. Usiguse, uguse. Usipande, upande. Usimwage, umwage. Mzazi anapiga kelele kutoka uani, redio inaimba, na ile s inayogeuza ruhusa kuwa katazo inamfikia mtoto ikiwa imefifia, au haimfikii kabisa. Anagusa. Anapigwa kwa kugusa alichoamini ameambiwa aguse. Tangu nilipolifikiria hili nimekuwa nikisema "acha!" badala ya "usifanye hivyo!", neno moja lenye vokali mbili za wazi, na nalipendekeza kwa kila mzazi mwenye mtoto mwenye mafua.

Na swali la bibi? Bibi alikuwa na haki ya kuuliza. Mtoto anakuja kula kwa sababu harufu ya samaki wa kukaanga haipiti masikioni. Anawaona ndugu zake wakinyanyuka. Mkeka umetandikwa. Zaidi ya hayo, ute hupanda na kushuka: wiki ya mafua unajaa, wiki ya jua unapungua, na leo anasikia alichokosa jana. Ukimkalisha mbele yako katika chumba kimya atajibu karibu kila kitu, akiazima midomo yako kujaza mapengo. Ukimwita kwa nyuma, feni inazunguka, hayupo. Kwa mzazi hiyo ni dalili ya ujanja. Kwa daktari wa masikio, kule kusikia kwa vipindi ndiyo dalili yenyewe.

Dalili nyingine nilizokuwa nimezikusanya bila kujua ninakusanya nini: kuuliza "nini?" kila mara, kuzungumza kwa sauti kubwa, matamshi kuanza kukosa miisho, kujikwaa zaidi ya kawaida (sikio lina kazi ya kutunza mizani ya mwili pia), kuchoka na kukasirika jioni. Mtu anayetegea sikio kutwa nzima anachoka. Muulize yeyote aliyewahi kukaa ugenini na lugha asiyoijua vizuri.

Kuna jaribio la nyumbani ambalo halina gharama. Simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono mmoja, asiuone mdomo wako. Mtu mwingine azibe sikio lake moja kwa kidole, akilisugua taratibu. Nong'ona maneno mawili matatu anayoyajua: ndizi, samaki, kiatu. Arudie. Kisha sikio la pili. Jaribio hili halitoi jina la ugonjwa, lakini mtoto anayerudia "ndizi" upande mmoja na kukutolea macho upande wa pili amekupa sababu ya kupanda daladala kesho asubuhi.

Daktari ana njia zake. Kwanza ni kumulika: ngoma yenye afya hung'aa kijivu kama lulu, yenye ute nyuma yake huonekana imefifia, rangi ya chai ya rangi iliyopoa, mara nyingine na viputo. Kifaa cha kumulika kikiwa na kipira cha kubonyeza, hupuliza hewa kidogo; ngoma nzima hutikisika, hii husimama kama ukuta. Cha tatu ni timpanometa, kidude kinachochomekwa mdomoni mwa sikio kwa nukta chache bila maumivu na kuchora mstari kwenye karatasi. Sikio zima linachora mlima wenye kilele. Sikio lenye ute linachora mbuga, tambarare kutoka mwanzo hadi mwisho. Karatasi ya mwanangu ilikuwa na mbuga mbili.

"Sasa dawa gani, daktari?" Kila mzazi huuliza hivyo, na jibu lilinikera. Hakuna. Tusubiri miezi 3, kisha tumpime upya.

Nilitoka nikiamini nimedharauliwa. Nilikuwa tayari kununua, na kwa mtu wa mjini kutoka hospitali bila mfuko wa dawa ni kama kutoka sokoni mikono mitupu. Duka la dawa la mtaani kwetu lisingenivunja moyo hivyo. Lingenipa amoksilini, dawa ya maji ya mafua, kidonge cha mzio na matone ya sikio juu. Bahati nzuri niliamua kusoma kwanza. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani, uliotolewa upya mwaka 2016, unakataza kutibu ute huu kwa antibayotiki, kwa dawa za mzio, kwa dawa za kuzibua pua na hata kwa steroidi. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza wa watoto 389 wenye umri wa miaka 2 hadi 8. Nusu walipewa prednisoloni kwa siku 7, nusu dawa bandia isiyo na kitu. Baada ya wiki 5, waliokuwa wamepata usikivu wa kuridhisha ni 40 kati ya kila 100 waliokunywa dawa, na 33 kati ya kila 100 wasiokunywa. Tofauti ndogo mno kuwa na uzito. Kilichonivutia zaidi ni hao 33, waliopona kwa kunywa hewa.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hili wala halifi, na dawa halisikii.

Hapa niseme neno juu ya vile tunavyomimina. Mafuta ya nazi ya vuguvugu, maziwa ya mama, maji ya kitunguu saumu: kila ukoo una chake, na kila ukoo una shangazi aliyepona kwacho. Ute uko nyuma ya ngoma, na ngoma nzima haina tundu. Kumimina mafuta sikioni ni kumwagia maji dirisha lililofungwa ukitumaini sakafu ya ndani itasafishika. Na kama ngoma ina tundu usilolijua, umefanya baya zaidi, umepeleka uchafu mahali palipokuwa pasafi. Kijiti cha pamba nacho kinasukuma nta ndani, kazi nyingine hakina.

Kusubiri kuna ushahidi. Ute unaobaki baada ya sikio kuuma kwa ghafla na kupona huondoka wenyewe ndani ya miezi 3 kwa watoto 75 hadi 90 katika kila 100. Hata unaokaidi siyo wa kukimbilia kisu. Jack Paradise na wenzake kule Pittsburgh, Marekani, waliwaandikisha watoto wachanga 6,350 wenye afya na kuwafuatilia masikio. Wale 429 ambao ute wao ulidumu waligawanywa kwa kura kabla hawajafika miaka 3: baadhi wakafanyiwa upasuaji mapema, wengine wakacheleweshewa hadi miezi 9 kuona kama watapona wenyewe. Matokeo ya mwisho yalichapishwa mwaka 2007, watoto wakiwa na miaka 9 hadi 11. Kusoma, kuzungumza, akili, tabia: makundi yote mawili sawa.

Lakini wale watoto wa Pittsburgh hawakuachwa. Waliitwa, wakamulikwa, wakapimwa, mwezi baada ya mwezi. Kusubiri kwa daktari kuna tarehe ya kurudi. Kwetu mara nyingi kusubiri maana yake ni kusahau mpaka mtoto arudie darasa. Wapo pia wasiopaswa kusubiri hivyo. Mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa kaakaa karibu lazima apate ute huu, kwa kuwa misuli ya kufungua mrija ndiyo ileile ya kaakaa. Mwenye ugonjwa wa Down, aliyechelewa kusema, mwenye uoni hafifu, au aliyekuwa na tatizo la usikivu tangu awali, hao waende kwa mtaalamu mapema, kwani desibeli 25 kwao ni deni juu ya deni. Na sikio likianza kuuma, kutoa usaha, au nyuma yake pakivimba, hiyo ni habari nyingine, ya leo leo.

(Mtu mzima mwenye ute sikio moja tu, bila mafua ya maana, asiridhike na "tusubiri". Aombe achunguzwe nyuma ya pua kwa kamera. Mara chache kinachoziba mrija pale ni uvimbe wa saratani.)

Kuna kitu kimoja cha kufanya wakati wa kusubiri, na watoto wanakipenda. Ni puto maalumu linalochomekwa tundu moja la pua. Mtoto anaziba tundu la pili, anafumba mdomo, analipuliza kwa pua, na shinikizo linafungua mrija. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015, wenye watoto 320 wa miaka 4 hadi 11, ulionyesha kuwa baada ya miezi 3 watoto 50 katika kila 100 waliopuliza walikuwa wamerudisha mlima wao kwenye karatasi, dhidi ya 38 wasiopuliza. Siyo muujiza, lakini madhara yake ni machache. Puto la sherehe lisitumike badala yake. Kipande cha mpira kikipasukia mdomoni kinaziba koo.

Ute ukipita miezi 3 masikio yote mawili na usikivu ukabaki chini, ndipo inazungumziwa gromiti. Ni kijibomba kidogo kuliko punje ya mchele kinachowekwa kwenye ngoma ya sikio, mtoto akiwa amelazwa usingizi, kwa dakika chache. Wazazi hudhani kazi yake ni kutoa maji. Kazi yake hasa ni kuingiza hewa. Kila aliyefungua kopo la maziwa mazito anaijua kanuni hii: ukitoboa tundu moja maziwa yanagoma, ukitoboa la pili upande wa pili yanamiminika. Mrija ulioziba ndio tundu lililogoma. Gromiti ni tundu la pili.

Wazo lenyewe ni la kale. Astley Cooper, mpasuaji wa London, alieleza mwaka 1801 jinsi alivyotoboa ngoma za wagonjwa ambao mirija yao ilikuwa imeziba, wakasikia papo hapo. Tatizo ni kwamba ngoma ya sikio ni fundi wa kujishona. Baada ya siku chache tundu likafumba na ukiziwi ukarudi. Katika miaka ya 1860 Adam Politzer wa Vienna alijaribu kulishikilia kwa kipete cha mpira mgumu. Ilichukua karibu miaka mia moja mingine, hadi 1954, ndipo Beverly Armstrong wa Charlotte, Marekani, alipotumia kibomba cha plastiki na jambo likashika. Vya sasa hukaa miezi 6 hadi 18, kisha ngoma inavisukuma nje yenyewe na kufumba. Wachache hubaki na tundu. Mtoto aliyetimiza miaka 4 mara nyingi huondolewa na nyama za puani pamoja, hasa akiwa mkoromaji kama wangu.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba asilimia 78 ya nchi za kipato cha chini zina chini ya daktari mmoja wa masikio, pua na koo kwa kila watu milioni moja. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza, Kenyatta ya Nairobi, huko wapo. Lakini gromiti inahitaji kuangaliwa baada ya kuwekwa, na sikio lake likianza kutoa maji linahitaji matone sahihi kwa wakati. Mzazi wa Tunduru anayetazama siku nzima ya basi kwa kila miadi hapimi jambo hili kwa mizani ya mzazi wa Upanga, na daktari mwema halipimi kwa mizani moja pia. Kifaa cha kusaidia kusikia, kwa miezi kadhaa mpaka ute uishe, ni njia halali isiyohitaji kisu, ingawa sijawahi kuona mzazi aliyeipokea kwa furaha. Tunakionea haya kifaa sikioni kuliko tunavyoona haya mtoto kushika mkia darasani.

Kinga yenyewe haina mapya: maziwa ya mama, kutomnyonyesha chupa akiwa amelala chali, moshi wa sigara usimkute ndani, na chanjo ya nimonia, ambayo Kenya iliingiza katika ratiba mwaka 2011 na Tanzania ikafuata baadaye, na ambayo hupunguza kiasi maambukizi ya masikio yanayotangulia ute.

Kwa upande wetu, tiba ya ile miezi 3 ilikuwa ya samani. Nilikwenda kwa mwalimu wake, nikamwomba amhamishie dawati la mbele, mbali na dirisha la barabarani. Nilitarajia ubishi. Darasa lina watoto wengi na kila mzazi ana ombi. Nikamwambia azibe masikio kwa vidole, nami nikaendelea kuongea. Alipotoa vidole alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni kama siku za masika." Bati la shule yao halina dari. Mvua ikishuka, darasa zima linamtazama mdomo na hakuna anayeambulia kitu, naye huacha kufundisha mpaka ipite. Mwanangu alikuwa akinyeshewa kila siku, peke yake.

Nyumbani tukawekeana sheria: kumwita jina kwanza, kungoja ageuke, ndipo tuseme. Kuzima redio wakati wa kula. Bibi aliona ni deko, kisha nikamkuta siku moja amechuchumaa mbele ya mjukuu wake, uso kwa uso, akimsimulia hadithi ya sungura kwa sauti ya mkutano wa hadhara.

Miezi 3 ilipotimia, karatasi ilitoka na mlima mmoja na kilima kimoja. Daktari akatupa wiki 6 nyingine. Tuliporudi, milima ilikuwa miwili, na njiani kurudi nyumbani alilalamika kwamba kondakta anapiga kelele.

Juzi Jumamosi nilimwita aje kuoga. Kimya. Nikamwita tena, kimya. Nikaenda mpaka mlangoni, nikasimama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, nikanong'ona, "Maandazi." Akageuka papo hapo. Nikamuuliza, nilipokuwa nikikuita hukusikia? "Nilisikia, baba," akasema, akarudi kwenye kigari chake.